Kuchagua Glavu za Maji ya Baridi

Kwenye maji ya baridi, vidole ndivyo vinavyotangulia kukuacha. Kifua kitavumilia. Uso utachomachoma, kisha utazoea. Lakini vidole vikianza kuganda huvioni vikiondoka. Unadhani bado unavyo, unaviagiza vibonyeze kitufe, navyo vinakaa tu pale kama vya mtu mwingine. Mzamiaji aliyepoteza vidole, hata mtungi wake wa hewa uwe umejaa pomoni, yuko hatarini.

Nayaandika haya kwa sababu ya Nyamizi, binti wa dada yangu wa Igalula. Amemaliza mafunzo ya kuzamia kule Kigoma, na sasa amepata kazi Norwei, kwenye vizimba vya samaki, kazi ileile niliyoifanya mimi mpaka nikastaafu na kurudi hapa Kwihara. Juzi alinipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, safari ipo?"

"Ipo. Mjomba, wameniambia nijichagulie glavu kavu. Nimeangalia mtandaoni, ziko za kila rangi. Nichukue zipi?"

"Usichukue chochote kwanza," nikamwambia. "Nitakuandikia."

Jambo lenyewe haliishi kwenye simu. Tena najua hayuko peke yake, kuna wenzake anaoondoka nao, na kuna wengine huku kwetu wenye ndoto kama hiyo. Basi someni wote.

Kwanza niondoe utani njiani. Nikisema hapa kijijini kwamba nilikuwa mzamiaji Ulaya, watu hucheka, wanadhani nilijificha kwenye meli nikaingia bila karatasi. Mimi nilizama majini, na mshahara nilipata. Ni kweli mtoto wa Tabora, mahali ambapo bahari ni hadithi, hatarajiwi kuishia chini ya maji. Lakini Wanyamwezi tumekuwa watu wa kufuata kazi mbali tangu enzi za misafara, na reli yetu inaishia Kigoma. Nilipanda treni nikiwa kijana, nikafika ziwani, nikapata kazi ya kukagua matumbo ya meli na minyororo ya maboya bandarini. Ziwa Tanganyika lina maji ya kirafiki. Tulizama mikono mitupu, na sikuwahi kufikiri kwamba mkono nao unahitaji nguo.

Aliyenivuta Norwei ni Nassoro. Baba yake alikuwa muuza vitambaa pale Tabora mjini, familia yenye asili ya Oman, na Nassoro alikulia dukani akiwapimia wanakijiji khaki na marekani. Kinyamwezi chake kilikuwa kizuri kuliko cha wajukuu zangu. Alinitangulia umri, alinitangulia kazi bandarini Kigoma, kisha akatangulia Ulaya. Waliposema wanatafuta mzamiaji mwingine, akataja jina langu. Mimi nilimwita kaka, na mpaka leo ni kaka.

Kizimba cha samaki ni wavu mkubwa wa mviringo unaoning'inia baharini, kwenye ghuba nyembamba katikati ya milima. Samaki wanafugwa humo kama tunavyofuga kuku bandani. Wavu unashuka chini sana, na chini kabisa kuna duara zito la chuma linaloukaza. Sisi tulikagua wavu, tukashona palipotoboka, tukafunga minyororo iliyolegea. Wakati wa majira ya baridi kuna theluji juu ya mashua na maji yana rangi ya lami.

Mwilini unavaa suti kavu, vazi linalokufunika kuanzia shingoni hadi nyayoni na lisiloingiza maji. Ndani yake umevaa nguo za joto. Glavu kavu ni ndugu wa vazi hilo. Glavu nyingine za kuzamia huingiza maji kidogo, mwili wako ukayapasha joto, lakini hii hairuhusu tone. Inafungwa kwenye mkono wa suti kwa pete mbili ngumu, moja ya glavu, nyingine ya suti, na katikati yao kuna ule mpira mwembamba wa duara ambao mafundi wa magari wanauita oringi. Ndani ya glavu hiyo ya mpira unavaa nyingine ya sufu. Mpira unazuia maji, sufu inatunza joto. Ukisahau hilo, mengine yote ninayoandika hayatakusaidia.

Jozi yangu ya kwanza niliichagua kama kijana anayechagua viatu vya sikukuu. Nilikuta kabati limejaa glavu, nikavaa moja mkono mtupu, ikanikaa kama ngozi. Nikampelekea Nassoro nikijisifu. Akanitupia glavu za sufu.

"Vaa hizi kwanza, halafu uvae hiyo."

Nikavaa. Vidole havikukunjika, mkono ukasimama wazi kama ninakataa jambo.

"Umepata glavu ya kupungia watu," akasema. "Damu itapita wapi, Mihayo? Ukibana damu, hata ujaze sufu ya kondoo kumi, utaganda."

Basi nikakimbilia upande wa pili. Nikachukua kubwa, pana, za kupumua. Nikashuka nazo. Chini nilitaka kufungua taa iliyoning'inia kifuani kwa klipu ndogo, na zile ncha za glavu zilizobaki tupu zikawa zinajikunja mbele ya vidole vyangu kila nikigusa. Nilihangaika mpaka nikakata tamaa. Nikapanda juu na taa inaning'inia bado, inagonga mtungi kama kengele ya mbuzi. Wenzangu mashuani walisikia nafika kabla hawajaniona.

Siku hiyo jioni Nassoro alitoa futi ya fundi cherehani kwenye sanduku lake. Alitoka nayo dukani kwa baba yake, akaivusha bara zima. Akanivalisha sufu, akapima mzunguko wa kiganja, akapima kidole cha kati mpaka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, akapima dole gumba peke yake.

"Koti hupimwa juu ya shati," akasema. "Kwa nini mkono upimwe uchi?"

Sasa shika hapa, Nyamizi. Ukishavaa ya sufu na ya mpira juu yake, kunja ngumi. Mpira usikuvute mgongoni mwa mkono. Fungua. Kila ncha ya kidole iwe na nafasi ya punje ya mchele, isizidi. Nafasi kati ya dole gumba na kidole cha shahada ndiyo inayodanganya wengi. Mpira ukining'inia pale kama utando wa bata, mkono utachoka kabla ya kazi kuanza. Kisha okota kifungo cha shati mezani. Ukikiokota bila kukisukumasukuma, endelea. Funga macho, bonyeza vitufe vyako vyote vya hewa, fungua na kufunga kila klipu unayoitumia, zungusha vali ya bega, ile inayotoa hewa ya suti. Glavu ambayo huwezi kufanya nayo hayo ukiwa umesimama kwenye sakafu kavu, huko chini itakuaibisha au itakuua.

Tena ninyi wenye mikono midogo mtaletewa saizi ya wanaume na kuambiwa mtazoea. Msikubali. Mkono haukui kwa kuzoea.

Kuhusu mpira wenyewe, mwembamba unakupa hisia lakini unachanika upesi, mnene unavumilia lakini unakufanya kipofu wa vidole. Kwenye nyavu sisi tulichukua wa wastani wenye kiganja cha kukwaruza, na juu yake tukavaa glavu nyepesi za kazi, za kitambaa kigumu, ili ziumie hizo kwanza. Kata kucha. Vua pete ya ndoa. Mwambie mwenzi wako mapema, usije ukaonekana kwenye picha huna pete, kesi ikaanza.

Nikimtaja mwenzi, niwaambie habari za Theresia, mke wangu. Nilirudi likizo nikiwa na glavu za sufu za kiwandani, zimetoboka. Theresia akaziangalia akasema, "Hizi ndizo zinazokulinda?" Akaenda mnadani kwenye mitumba, akarudi na sweta nene la kijivu. Kabla ya kulifumua alichomoa uzi mmoja akauchoma kwa kiberiti. Ukanuka kama nywele zinazoungua.

"Sufu ya kweli," akasema. "Ya plastiki ingeyeyuka ikaacha kidonge."

Akalifumua sweta zima, akafuma glavu, kila kidole kwa kipimo cha kidole changu. Lile sweta lilivaliwa na mtu wa nchi za baridi, likasafiri mpaka Tabora kwenye robota, likarudi kwenye baridi likiwa mikononi mwangu. Sijawahi kuvaa glavu za ndani nzuri kuliko zile. Tatizo lake lilikuwa manyoya. Unyoya mmoja wa sufu ukilala juu ya oringi, maji yanapata barabara. Kwa hiyo kila nikivaa nilipitisha kidole kuzunguka oringi yote, nikapaka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, ndipo nikafunga pete. Siku hizi pete hufungwa kwa kuzungusha mpaka zilie. Zamani tulizibana kwa mipira ya kuvuta, kazi ya kutokwa jasho kwenye theluji. Pete zimebadilika, ila unyoya bado ni adui.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani dukani. Unaposhuka, hewa iliyo ndani ya glavu inasinyaa, na mpira unakubana vidole kama mlango uliofungwa juu yake. Sababu ni kwamba kifundoni, chini ya zile pete, suti ina mpira mwingine unaobana ngozi, na hewa ya suti haiwezi kuvuka kwenda mkononi. Nassoro alikata kipande kifupi cha mrija mwembamba, akakilaza chini ya mpira huo, hewa ikapita. Dawa hiyo ina gharama yake. Glavu ikichanika, maji nayo yatapita kwenye mrija, polepole, kupanda mkono. Wapo wanaouondoa kabisa ule mpira wa kifundo ili wawe huru. Msiwaige. Mpira ule ndio unaoamua kama utaloa kiganja au utaloa mpaka kifuani.

Na kila asubuhi, kabla ya mashua kuondoka, tulivaa kila kitu, tukakumbatia vifua vyetu ili hewa ya suti ikimbilie kwenye glavu, tukazamisha mikono kwenye pipa la maji. Pakitoka mapovu, hushuki na glavu hiyo.

Hapo sasa ndipo nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa katikati ya majira ya baridi. Nassoro alikuja gatini akinisalimia kwa Kinyamwezi kama kawaida yake, "Mwangaluka!" kwa sauti ya kuamsha kijiji, nami nikamjibu. Tukavaa, tukaenda kwenye pipa. Glavu yake ya kushoto ikatoa mapovu, msururu mwembamba kutoka kwenye mshono wa dole gumba. Ya akiba hakuwa nayo, alikuwa ameagiza lakini haijafika. Kule nje kulikuwa na kazi isiyongoja. Mnyororo mmoja wa lile duara la chuma ulikuwa umeachia, wavu umeanza kujikunja na kujikwaruza, na upepo mkali ulitarajiwa mchana.

Msimamizi wetu, Henrik, alifungua kabati la vifaa vya wote. Ilikuwapo moja tu inayoingia kwenye pete ya Nassoro, kubwa kuliko mkono wake.

"Leo tu," Henrik akasema.

Nassoro akaivaa, akakunja ngumi, akaniangalia. Alijua. Aliyenipima mimi kwa futi hawezi kuwa hakujua. Lakini akautazama mlima, ambako mawingu yalishaanza kushuka.

"Leo tu," akasema naye.

Tukashuka. Chini kulikuwa na giza, taa zetu zikitoa vijiti viwili vya mwanga. Tukaupata mnyororo. Mimi nikaubeba, yeye akashika kile chuma cha kuunganishia, umbo la kwato lenye pini yake. Alikuwa mwepesi, amekwishaingiza pini nusu, ndipo mkondo wa maji ukausukuma wavu wote na mnyororo ukanyanyuka ghafla. Chuma kikajibana. Kilichobanwa ndani yake ni ncha tupu za ile glavu kubwa, ile ziada iliyokuwa mbele ya vidole vyake. Akavuta. Glavu ikachanika kutoka kwenye ncha mpaka kiganjani.

Sikuliona hilo, alinisimulia baadaye. Niliona mapovu mengi tu, na yeye akaendelea kukaza pini kwa mkono wa kulia mpaka ikaingia yote. Akanionyesha ishara kwamba imekaa. Nikageuka kukagua upande wangu. Nilipotazama tena, taa yake ilikuwa inachora mistari kwenye maji, juu chini, juu chini. Kwetu ishara hiyo maana yake ni njoo sasa hivi.

Nilimkuta mgongo uko kwenye wavu. Mkondo ulikuwa umemsukuma, nyuzi za wavu zikajizungusha kwenye kichwa cha mtungi wake, kila akijinasua zinakaza. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjamana kama ndoana. Alijaribu kunionyesha kitu kwa vidole hivyo, havikufunguka. Maji yalishapita kwenye mrija na kupanda mkono wa suti. Macho yake nyuma ya kioo yalikuwa makubwa.

Nikashika mkanda wa kifua chake, nikamtazama mpaka naye akanitazama. Nikamwonyesha kiganja kwamba atulie. Akatulia. Nikapita nyuma yake.

Pale nyuma, mwili wake na tope la wavu vilizuia mwanga. Nilikuwa na kikata nyuzi kidogo chenye umbo la ndoana. Mbele yangu kulikuwa na nyuzi za wavu zilizosokotana na mpira wa hewa unaotoka kwenye mtungi kwenda mdomoni kwake, vyote vyeusi, vyote vimekazwa pamoja. Nikikata uzi, anaokoka. Nikikata mpira wa hewa, nimemuua kwa mkono wangu.

Nikafumba macho, kwa sababu hayakuwa na faida. Nikagusa. Uzi wa wavu una mafundo, ni mgumu, unakwaruza. Mpira wa hewa ni laini, mnene, na ukiubana unarudi. Nilivisikia vyote viwili kupitia mpira wa glavu na sufu ya Theresia. Nikaweka dole gumba juu ya mpira wa hewa ili usisogee, nikapitisha kikata upande wa mafundo, nikavuta. Uzi mmoja. Nikagusa tena, nikahakikisha tena, nikavuta. Uzi mwingine. Wa mwisho ulikuwa umepita chini ya vali, niliufuata kwa ncha ya kidole mpaka nikaupata. Ulipoachia, Nassoro alinielemea mzima mzima.

Alitaka kupanda moja kwa moja. Mwili wenye baridi namna ile haufikiri, unakimbilia mwanga. Lakini kupanda haraka kunapasua mapafu na kujaza damu mapovu. Nikamshika mkanda, nikawa natoa hewa kwenye vali yake na yangu kwa zamu kwa mkono mwingine, tunapanda kwa mwendo wa mzee anayepanda ngazi. Karibu na juu, mahali pa kusimama na kungoja, alinipiga begani kwa ngumi ile iliyoganda. Sikumwachia. Alipofumba macho niligonga kioo chake mpaka akayafumbua. Akayafumba tena. Nikagonga tena.

Walipotutoa majini, neno lake la kwanza lilikuwa, "Pini imekaa?"

"Imekaa, kaka."

Wakampasha mkono kwa maji ya vuguvugu. Damu iliporudi alilia kwa sauti, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuweza kusikiliza. Siku zile hospitali daktari alimwambia mkono utapona, ila ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, hazitapata hisia tena.

Asubuhi iliyofuata ajali, Henrik alitukusanya gatini. Upepo ulikuwa umetoboa wavu mahali pengine na samaki walikuwa wanatoka. Mwenzangu wa kushuka alikuwa kijana mgeni, glavu zake zilikuwa zinavuja. Henrik akafungua lile kabati.

"Hapana," nikasema.

"Mihayo, samaki wanatoka."

"Watoke."

"Ni leo tu. Nakuapia."

"Jana pia ilikuwa leo tu. Nassoro yuko hospitali. Hatushuki na glavu ya kabatini, mimi wala huyu, wala yeyote hapa. Kila mtu na jozi yake, na akiba ya saizi yake. Zikifika hata saa hii, saa hii tunashuka."

Sauti yangu haikupanda. Nilikuwa mgeni katika nchi ya watu, na kibali changu cha kuishi pale kilitegemea kazi ile. Nilijua hivyo nilipokuwa nasema. Wale wenzangu, wenyeji, wakaketi mmoja mmoja juu ya maboksi. Henrik akaenda ofisini kupiga simu. Hakuwa mtu mbaya. Kila jioni alikwenda hospitali kumtazama Nassoro, na mara moja nilimkuta pale analia. Samaki wengi walitoka siku hizo. Glavu zilipofika, kila mfuko ulikuwa na jina la mtu. Hakuna aliyefungua tena lile kabati kutafuta glavu.

Wote tulidhani Nassoro atarudi Tabora. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Kaka, nenda nyumbani. Duka lipo."

"Duka halijakimbia," akajibu. "Sitaondoka majini kwa kubebwa."

Majira yote ya baridi yaliyobaki alikaa na ule mkono. Alifunga na kufungua vifungo vya shati lake, alfajiri na jioni. Alitunga uzi kwenye sindano, akashindwa, akatukana kwa Kiarabu, akatunga tena. Aliacha kuviamini vile vidole viwili na kuvifundisha vya pembeni, kile cha pete na kidole kidogo, kazi za wakubwa wao. Vitufe alivyozoea kubonyeza kwa kushoto akavihamishia kulia. Kisha akaanza kutafuta glavu upya, kana kwamba hajawahi kuvaa. Za kushoto alijaribu aina nyingi, anakataa, anarudisha. Kwa kuwa ncha hazikuhisi baridi tena wala kuchomwa, alitaka mpira mnene zaidi kwenye vidole vile viwili, mwembamba kwenye vingine, na akapata fundi wa kumuunganishia hivyo. Wenzetu walicheka kwamba mkono mmoja una glavu mbili. Naye akacheka, akaendelea.

Henrik alimtaka afanye kazi za mashuani. Nassoro akamwomba amjaribu kwa kila zoezi wanalofanyishwa wageni, bila huruma. La klipu alishindwa mara ya kwanza. Akaomba kurudia. La kukata uzi macho yamefungwa alishindwa mara mbili. Akaomba kurudia. Daktari naye alimpima, akamzuia, akampima tena. Siku yeye na Henrik waliposaini ruhusa yake, theluji ilikuwa imeshayeyuka mlimani, maji bado ni yaleyale.

Nilishuka naye mimi. Tulikwenda taratibu mpaka kwenye duara la chuma. Sikutoa macho kwenye mkono wake wa kushoto, mpaka akanigeuza kichwa kwa nguvu nitazame kazi. Akashona tundu moja la wavu, dogo, la kawaida, ambalo yeyote kati yetu angelishona bila kufikiri. Alilishona kwa uangalifu wa mtu anayeshona shela ya bibi harusi. Kisha akakagua lingine, na lingine, mpaka muda wetu ukaisha.

Juu ya mashua Henrik alimsaidia kuzungusha pete ya kushoto. Ikafunguka kwa mlio. Nassoro akavua glavu ya mpira, akavua ya sufu, akaninyooshea mkono.

"Gusa."

Nikagusa kiganja, nikagusa kila kidole, hata vile viwili. Vilikuwa vya moto na vikavu kabisa. Henrik naye akagusa, akageuka pembeni akijifanya anakunja kamba.

Nassoro akatuangalia kama watu wanaomcheleweshea chakula, akauliza kesho tunashuka saa ngapi.